Nongo za Watu

Kairuani, 3 Novemba 2018

Mjukuu wangu Yusra, daktari wa machozi,

Nakuletea salamu nyingi. Kama huna nafasi ya kuzisoma zote, soma nusu, nusu nyingine mpe bosi wako Bi Najiya, maana kila nikikupigia naambiwa uko kikaoni kwake. Na kupiga kwenyewe kumekwisha. Ile simu uliyoninunulia imezama. Niliifunga kiunoni ndani ya shuka la kuogea, nikainama kumsugua mtu mgongo, ikatumbukia kwenye maji ya moto. Larusi, msuguaji mwenzangu, akaivua kwa kata ya shaba, akaitikisa sikioni, akasema, "Mabruk, anayekupigia amechemka."

Basi tumerudi kwenye karatasi. Usinicheke mwandiko, mwalimu wangu alikufa nikiwa darasa la tatu na hakuna aliyekuja kumalizia. Barua hii anakuja nayo Shadhli, yule dereva wa teksi za Medenini. Amekubali kubeba barua zetu, kwenda na kurudi, kwa sharti nimsugue mgongo kila akilala huku. Mgongo wa Shadhli una mashimo mengi kuliko barabara anayopita. Nimempa na kopo la bsisa. Unga wa shayiri nimeukaanga mwenyewe, ukiona umeungua sema umeiva.

Maulidi yamekaribia. Mji umeshaanza kupigwa chokaa, na wanawake wa mtaa wanagombania mbegu za misonobari kwa ajili ya uji wa zgugu. Usipokuja, fungu lako atalila Larusi, na Larusi akila zgugu hamamu nzima inatafuta pa kukimbilia.

Mimi nimestaafu lakini hamamu haijakubali. Kila asubuhi naingia, nasugua wawili watatu ninaowapenda, na mmoja nisiyempenda ili mkono usilale. Sijambo. Juzi tu nilirudi nyumbani na mtalawanda mmoja wangu, kile kiatu cha mti, na mwingine wa Larusi, nikatembea mtaa mzima nikichechemea kama bata. Ni giza la mle ndani, si lolote.

Mara ya mwisho uliniambia umechoka "kidogo". Yusra, nimesugua watu miaka hamsini na miwili. Aliyechoka kidogo akijilaza juu ya jiwe la kusuguliwa huguna. Aliyechoka kweli huomba radhi. Wewe siku ile uliomba radhi mara tatu, na hukuwa umenikosea.

Babu yako,
Mabruk, msuguaji mstaafu asiyestaafu


Medenini, 14 Novemba 2018

Babu,

Bsisa imefika. Nimeila kavu, kwa kijiko, ofisini, kati ya mgonjwa wa saa nne na wa saa tano. Haikuungua. Samahani nimechelewa kujibu.

Maulidi sitakuja. Samahani kwa hilo pia. Tulikuwa washauri saba hapa kliniki, tumebaki wanne. Mmoja ameenda Sfaksi kuuza magauni ya harusi na shemeji yake, na nikimfikiria namwonea wivu, mimi niliyesoma saikolojia miaka sita. Kila siku wanaingia saba, wanane. Waliokimbia vita Libya, waliovuka jangwa, waliotolewa baharini. Wanakaa kiti kile, mimi nakaa hiki, wanasema. Wanayoyasema sitakuambia, hiyo ndiyo amana ya kazi. Ninaloweza kukuambia ni kwamba siku hizi mlango wa gari ukibamizwa barabarani, najikuta nimeshika ukuta. Redio nimeitoa nyumbani. Watu wakinisalimia sokoni natazama mikono yao kwanza.

Lakini si hayo niliyotaka kukuandikia.

Juzi nilikuwa nanawa mikono uani kliniki, karibu na shimo la maji lenye kifuniko cha chuma, na nikakumbuka jambo la utotoni ambalo sijawahi kulikumbuka. Nilikuwa na miaka mitano au sita. Mtu alinishusha kwa kamba ndani ya kisima cha maji ya mvua, kile cha chini ya ua. Akaniambia nihesabu kimoyomoyo, nisitoe sauti, mpaka aniite. Maji yalinifika magotini. Palinuka chokaa. Juu niliona mwanga mdogo kama sarafu. Kisha viatu vizito vikatembea juu ya vigae, na mwanamke akawa anasema, "Hakuna mtu, hakuna mtu." Nilihesabu mpaka elfu moja na mia mbili.

Babu, ni nani aliyenishusha? Ilikuwa ile miaka polisi walipokuwa wakizoa watu majumbani? Mama na baba waliniacha kwenu nikiwa na miaka mitatu walipokwenda kutafuta kazi Gabesi, na sasa wote wawili hawapo, na Bibi hayupo. Shahidi wangu umebaki wewe. Niambie ukweli, hata kama mliapa kunificha.

Nisamehe kwa kukuchimba.

Yusra


Kairuani, 26 Novemba 2018

Yusra mwanangu,

Maulidi yamepita salama. Watu walijaa mpaka msikitini hapakuwa na pa kuweka kiatu. Uji wako Larusi ameula, na yale niliyokuonya yametokea, tumefungua madirisha yote ya juu. Anakusalimu. Anasema uolewe kabla hajafa, anataka kula mahali pengine.

Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu langu la sabuni. Wanne. Mmoja anafanana na meya.

Barua yako nimekaa nayo siku tatu. Nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma.

Kisima, ndiyo. Nakumbuka. Kwa nini nisikumbuke? Unadhani mimi ni mzee wa kusahau jambo kubwa kama hilo? Ni mimi niliyekushusha. Bibi yako ndiye aliyekuwa akisema hakuna mtu. Nilikupa tende tatu uzishike mkononi ili usiogope, na ulipotoka ulikuwa bado umezishika, zimelainika kama udongo. Walikuja, wakatazama, wakaondoka. Sisi tukanyamaza kwa sababu wewe ulitoka mle ukataka kucheza, tukasema basi, limekwisha.

Ndiyo hivyo. Sasa lifunge jambo hilo, ule chakula kilichopikwa, siyo unga mkavu kama punda.

Babu yako,
Mabruk


Medenini, 5 Desemba 2018

Babu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na nikaisoma tena nimekaa chini.

Nimekukasirikia, na wakati huohuo nimeshukuru. Miaka ishirini na mitatu umenificha jambo kama hilo, ukanipeleka shule, ukanisuka nywele vibaya, ukanicheka nikiogopa lifti. Kumbe nilikuwa na sababu ya kuogopa lifti. Lakini nimepata jibu. Nilikuwa nadhani kazi hii imeniingia mwilini, kwamba nimeanza kuharibika. Kumbe jambo lilikuwa langu tangu mwanzo, na wagonjwa wamenikumbusha tu. Zile tende ndizo zilizonilaza jana usingizi. Nimezishika mpaka asubuhi.

Nikuambie na la pili, kwa kuwa umenipa ukweli. Kwa Bi Najiya sijaingia tangu Agosti. Yeye ndiye msimamizi wetu, kila mshauri anatakiwa akae naye saa moja kwa wiki amweleze anayoyabeba. Mimi kila wiki namwambia kuna dharura. Uliponipigia ukaambiwa niko kikaoni kwake, nilikuwa nimekaa chooni nimezima taa. Sasa naona simhitaji. Ninajua changu ni nini.

Kuna mtu wangu wa Jumanne. Miezi mitano anakuja, alishanipa yake yote mwanzoni kabisa, halafu akafunga mdomo, kana kwamba aliona aibu kuwa peke yake. Jumanne hii, tarehe kumi na moja, nitavunja kanuni moja. Nitamweleza ya kwangu. Ajue kwamba aliyekaa kiti cha pili naye alishahesabu gizani.

Usiwe na wasiwasi. Kwa mara ya kwanza mwaka huu sijaomba radhi.

Yusra


Medenini, 19 Desemba 2018

Babu,

Sijapata barua yako. Shadhli anasema hukumpa kitu. Labda umenuna. Una haki, lakini nisikilize.

Jumanne ya tarehe kumi na moja nilimweleza. Kamba, maji ya magotini, chokaa, mwanga kama sarafu, yule mwanamke anayesema hakuna mtu, elfu moja na mia mbili. Na tende tatu. Nilisema vizuri, Babu. Nililia kidogo hata.

Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama nguo yake imevaliwa na jirani. Kisha akasema, polepole, bila ukali, "Dada yangu, hicho kisima ni changu."

Nikamwambia labda inafanana, watu wengi walifichwa visimani.

Akasema, "Elfu moja na mia mbili ni yangu. Nilikuambia mwezi wa saba, umekaa hapohapo, ulikuwa na shali ya kijani. Hakuna mtu, hakuna mtu, huyo ni mama yangu." Akafikiri. "Tende tu ndizo sizijui. Mama hakunipa tende."

Halafu akainuka, yeye mgonjwa, akanimiminia maji mimi, akasubiri ninywe. Akafunga mlango taratibu kama anavyofunga mtu aliyeacha mtoto amelala ndani.

Nilifungua daftari langu. Julai, tarehe kumi na saba. Kila kitu kipo, kwa mwandiko wangu, mpaka chokaa.

Jana ilikuwa Jumanne, hakuja. Kiti kilikaa hivyo saa nzima. Mtu alipata ujasiri wa kunipa kitu kimoja alichokuwa nacho, na mimi nikakivaa mbele yake.

Sasa niambie. Kama kisima ni chake, wewe ulinishusha wapi? Tende za nani? Mmoja wetu kichwa kimeharibika, na sitaki awe wewe, na sitaki awe mimi. Kesho nitampelekea Bi Najiya barua ya kuacha kazi. Nimechoka, Babu. Siyo kidogo.

Samahani.

Yusra


Kairuani, 22 Desemba 2018

Yusra,

Usimpelekee mtu barua yoyote kabla hujasoma hii. Na kama umeshampelekea, mwambie babu yako ni mwongo na mjinga, akurudishie.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya tarehe nane. Isome kwanza. Nilikuwa na hakika nimempa Shadhli. Nilijiona kabisa nikimpa. Jana jirani alichukua joho langu la sufu kulifua, akaikuta mfukoni, imejikunja na kipande cha sabuni. Shadhli alipita hapa tarehe tisa, nikamsugua mgongo, nikamwambia safari njema, na barua iko mfukoni kwangu.

Mabruk


(barua iliyokuwa ndani)

Kairuani, 8 Desemba 2018

Yusra mwanangu,

Usimwambie mtu wako wa Jumanne lolote. Hakuna kisima.

Nilikudanganya. Uliponiuliza, sikukumbuka chochote, si kamba wala viatu. Nikajisemea, Mabruk, ndiyo hii, imefika, kichwa kimeanza kuvuja. Maana si mtalawanda peke yake. Mwezi wa tisa nilisahau njia ya kurudi kutoka soko la mazulia, mji niliozaliwa, nikajifanya nimesimama kutazama bei. Nilipooga mwisho nilivaa shuka la mtu. Nikaona, kama mjukuu ananiambia nilimshusha kisimani na mimi sikumbuki, basi ni kweli na mimi nimekwisha. Nikaona aibu kukuambia shahidi wako ameoza. Nikaandika ndiyo. Tende niliziongeza kwa sababu ndiyo yangu ilikuwa nyembamba mno, nikaona haitasimama bila kitu.

Barua yako ya jana imenikosesha chakula. Nikamwita Larusi. Tukapiga magoti uani, wazee wawili, tunagonga vigae kama wezi. Larusi akaniuliza tunatafuta nini. Nikamwambia, kisima nilichomficha Yusra.

Akaniangalia. "Kisima kipi, we bwana? Kisima hiki tulikijaza kifusi mimi na wewe, mwaka aliotahiriwa mwanao."

"Una hakika?"

"Kifusi nilibeba mimi. Wewe ulikuwa unaelekeza. Mgongo unaniuma mpaka leo na hata chai hukunipa."

Baba yako alitahiriwa mwaka sitini na tisa, Yusra. Wewe umezaliwa tisini. Tangu uzaliwe chini ya ua huu pana mawe tu. Na hakuna mtu mwenye viatu vizito aliyewahi kuingia humu, isipokuwa fundi bomba, na huyo alikuja kwa kulipwa.

Sijui hiki kisima umekitoa wapi. Kwetu hakikutoka. Nisamehe. Sasa na mimi naomba radhi, unaona tulipofika.

Babu yako


(naendelea, tarehe 22)

Umeshaisoma. Basi tuelewane: kichwa kilichoharibika ni changu, na hata hicho ni kidogo, kwa kuwa Larusi ananishikia nusu. Chako hakijaharibika. Chako kimejaa.

Sasa nikuambie jambo la kazi, fundi kwa fundi. Hamamu ikifungwa, mteja wa mwisho akishatoka, sisi wasuguaji hatuendi nyumbani. Mmoja wetu hulala juu ya jiwe, mwenzake huvaa kasa, ile glavu ngumu, akamsugua kama mteja. Kisha hubadilishana. Hivyo ndivyo nilivyomkuta marehemu baba, naye alivyokuta. Mgongo wako hutaufikia mwenyewe hata uwe na mikono ya nyani. Na mtu aliyeshinda kwenye mvuke wa watu themanini ana nongo ambazo nyingi si zake.

Larusi akimaliza kunisugua hunionyesha kasa. "Tazama. Hii nyeusi ya mwuza mafuta. Hii ya kadhi, inanuka fitina. Hii ndefu ya yule jamaa wa mazulia, ni deni la mkwewe. Hii ndogo hapa pembeni ndiyo yako." Ni mzaha wa kila siku, miaka arobaini, na kila siku nacheka, halafu anamwaga ndoo, zinakwenda kwenye mfereji zote, yangu na ya kadhi.

Bibi yako alipofariki nilikataa. Nilikuwa nimekonda, nikaona haya kuvua nguo mbele ya Larusi. Miezi minne sikulala juu ya jiwe. Nikasema mimi fundi mkubwa, najitosha. Nikaanza kuchukia migongo. Wewe hujui chuki ya mgongo, anaingia mtu hajakukosea, unaona tu mgongo wake umezidi upana. Siku moja nilimsugua mtoza ushuru wa soko mpaka damu. Naye alikuwa mstaarabu, aliniomba radhi yeye. Larusi akanivuta sikio mbele ya wateja wote, akasema, "Lala hapo." Nikalala. Alinisugua saa nzima, na sikuona aibu, nilikuwa nimelala usingizi.

Wewe una mtu amewekwa pale, mshahara wake ni kukusugua mgongo, na umekaa chooni umezima taa. Nenda kwa Bi Najiya ukalale juu ya jiwe. Mwambie yote, la kisima na la tende na la babu yako. Kazi uache kesho kutwa ukitaka, magauni ya harusi hayakimbii.

Mabruk

Barua hii nampa Shadhli mkononi, na Larusi amesimama hapa anatazama kama karani wa mahakama.


Medenini, 14 Januari 2019

Babu,

Nilikuwa nimeshamwachia Bi Najiya ile barua ya kuacha kazi. Alikuwa ameitumia kuwekea glasi ya chai. Nilipoingia ilikuwa na duara la kahawia katikati, akaniambia, "Nilikuwa nakusubiri, nilijua utakuja kuichukua au kuigombania." Nikamwambia yote. Hakunikaripia. Alisema hicho kinaitwa kiwewe cha kusikia, kwamba kinawapata washauri wengi, na kwamba yeye mwaka wake wa nane alikuwa anatembea na jeraha la mguu la mtu mwingine, mpaka akaenda kupiga picha ya mfupa. Mfupa ulikuwa mzima.

Amenitoa kwa wagonjwa mpaka mwezi wa pili. Nilidhani nitaona aibu. Nimelala siku mbili.

Nilimsimulia habari ya kasa ya Larusi. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Sasa kila Alhamisi saa kumi, mgonjwa wa mwisho akishatoka, tunafunga mlango sisi wanne na yeye wa tano. Mmoja anasema anayoyabeba, bila majina wala miji, na wengine wanamwuliza kwa kila moja, "Hii ya nani?" Ni swali hilo tu. Usidhani ni jambo la kupendeza. Alhamisi ya kwanza nilisema nimechoka, nikaishia hapo. Ya pili mwenzetu mmoja alitoka nje kutapika. Ya tatu nilitoa vitu sita: kisima, mlango wa gari, mtoto aliyebadilishiwa nguo, na vingine. Sita vyote vya watu. Bado kelele za magari zinanishtua. Ila sasa nikishtuka najiuliza ni za nani, na hapo katikati napata pa kuvuta pumzi.

Mtu wangu wa Jumanne amerudi. Hakurudi kwangu, anakaa na Bi Najiya. Wiki iliyopita tulikutana ukumbini, mimi nimebeba majalada kama karani. Nilijua la kumwambia, nilikuwa nimelifanyia mazoezi, na likanitoka lote. Yeye akaanza.

"Umekiacha?"

"Nimekiacha. Ni chako."

"Haya." Akajifunga mtandio. Alikuwa kama anataka kwenda, kisha akasema, "Na zile tende? Zilikuwa za nani?"

Nikamwambia ukweli, za babu yangu, mzee mwongo, alizitunga.

Akacheka, Babu. Miezi mitano sikuwahi kuyaona meno yake. Akasema, "Mwambie nimezichukua. Siku hizi nikishuka kule, nazishika." Akaenda zake.

Sijui niite nini jambo hilo. Sijaliandika kwenye daftari.

Nina maombi mawili. La kwanza, nenda hospitali ukaonyeshe hicho kichwa, na Larusi akupeleke, maana peke yako utasema umekwenda. La pili, Alhamisi iliyopita Bi Najiya aliniuliza, katika hivyo vyote, chako ni kipi. Nilitafuta mpaka wenzangu wakaangalia chini. Sikupata hata kimoja. Niandikie kimoja, cha utotoni, kiwe cha kweli. Na usiniongezee tende. Larusi athibitishe.

Nakuja Ijumaa, tarehe moja ya mwezi wa pili. Nitakaa wiki.

Yusra


Kairuani, 20 Januari 2019

Yusra mwanangu,

Hospitali nimekwenda. Daktari ni mtoto, ndevu zake bado zinapiga hodi. Aliniuliza leo siku gani, nikamwambia kama hujui nenda kaulize nje. Aliniuliza nani anatawala, nikamwambia hilo hata wao wenyewe hawana hakika. Larusi akaniambia nijibu vizuri, nikajibu. Mengine nilipata, mengine sikupata. Alinichoresha saa, nikachora, namba zote zikakaa upande mmoja kama watu wanaokwepa jua. Anasema imeanza lakini inakwenda polepole. Amenipa vidonge na jina la ugonjwa kwenye karatasi, na karatasi nimeiweka mahali.

Basi tufanye haraka. Hiki hapa chako, nimekiandika nikiwa na chai kichwani na Larusi pembeni, na kila sentensi nimemsomea.

Ulikuwa na miaka sita. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, zamu ya wanaume. Bibi yako alikutuma uniletee mkate wa kukaanga. Ulikaa mlangoni kunisubiri, ukaona mitalawanda ya wateja na ya Larusi imepangwa pale, jozi kumi na saba. Ukaibeba yote, miwili miwili, ukaizika kwenye jivu nyuma ya tanuri. Mzee wa kwanza akatoka, hana cha kuvaa. Wa pili akatoka. Muda si muda wazee kumi na saba wamesimama ukumbini na mashuka, wanarukaruka kwa sababu sakafu inachoma, na kadhi mzima anatembea kwa vidole kama kuku aliyenyeshewa. Ukaulizwa, ukasema hujaona kitu. Mtoza ushuru akakutishia polisi, ukamwambia tumbo lake limetoka nje ya shuka. Ulisema ukweli baada ya kupewa ule mkate wote, mzima, ukaula mbele yetu bila haraka, sisi tumesimama tunakusubiri umeze.

Bibi yako alikupiga kofi moja, akaingia jikoni kucheka. Nilimsikia. Hukulia. Jivu lilikuwa limekujaa mpaka kwenye kope.

Hakuna mwingine mwenye jambo hili. Hata akikaa mtu kwenye kiti chako akikusimulia mitalawanda, mwambie atafute yake.

Kimeshuhudiwa,
Mabruk, babu, kwa kalamu.
Larusi, kwa dole gumba, miwani ameiacha hamamu. Yeye anasema nisipunguze neno lake, kwa hiyo naliandika kama alivyolisema: zilizikwa jozi kumi na saba, zikafukuliwa kumi na sita na mguu mmoja. Huo uliopotea ni wa kwake, wa kushoto. Ukija Ijumaa, pitia kwanza kwenye jivu.